Kabla ya kupiga Linux: fahamu maana ya sda, nvme0n1 na mmcblk0 usije ukafuta diski isiyo yake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Laptop nyingi za miaka ya nyuma hazikidhi masharti ya Windows 11, kama lile la kuwa na TPM 2.0. Kwa hiyo baadhi ya wenye nazo wameanza kuangalia mifumo endeshi huria kama Ubuntu, Debian, Fedora na Linux Mint, ambayo ni ya bure na inafanya kazi vizuri hata kwenye mashine za zamani.

Kuweka Linux siku hizi si kazi ngumu. Unachagua lugha, saa, jina na nywila, unabofya mbele. Swali moja tu ndilo halitaki kubofywa kwa mazoea: mfumo uwekwe kwenye diski gani?

Hapo mtu aliyezoea C: na D: hukutana na majina mageni: sda, sdb, nvme0n1, mmcblk0. Akichagua lisilo sahihi, kinachofutika ni tasnifu, hesabu za duka au picha za miaka kumi. Na mfumo hautajua kama umekosea, kwa sababu umeutii tu.

Haya ndiyo mambo ya kufahamu kabla ya kubofya.

C: na D: si lazima ziwe diski mbili

Tuanze na kosa linalowaumiza wengi, maana linatokana na mazoea ya Windows.

Watu wengi huhifadhi vitu vyao D: kwa sababu fundi akipiga Windows upya hufomati C: peke yake, na vya D: vinabaki salama. Mazoea hayo yamejenga imani kwamba D: ni diski nyingine. Kumbe kwenye laptop nyingi kuna diski moja tu, iliyokatwa vipande viwili. Vipande hivyo huitwa patisheni. C: ni patisheni ya kwanza, D: ni ya pili, zote ziko kwenye chuma kilekile.

Linux haitumii herufi hizo. Inaiita diski nzima kwa jina moja, mfano sda, kisha inavipa vipande namba: sda1, sda2, sda3. Mtu akichagua "Erase disk", yaani kufuta diski yote, kinachofutwa ni sda nzima. C: inaondoka, na D: inaondoka nayo.

Kwa hiyo kauli ya "vitu vyangu viko D:, havina shida" haifai hapa. Kama laptop ina diski moja, D: haitabaki baada ya chaguo hilo. Hamishia kila kitu muhimu kwenye diski ya nje kwanza.

Majina haya yanatoka wapi

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Iliiga mtindo wa mfumo wa zamani wa Unix, ambamo hata vifaa vya kompyuta huonekana kama faili. Faili za vifaa hukaa kwenye folda inayoitwa /dev.

Ndiyo maana kwenye maelekezo mengi utaona /dev/sda. Maana yake ni kifaa kinachoitwa sda kilichomo ndani ya folda ya vifaa. Ukiandika data kwenye faili hiyo, unaandika moja kwa moja juu ya diski yenyewe.

Anayetoa jina ni kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Mashine inapowaka, kerneli inatafuta diski zilizopo na kuzipa majina kwa kufuata aina ya kila moja na zamu iliyoonekana.

Jinsi ya kusoma jina la diski

Majina utakayokutana nayo zaidi ni haya:

• sda, sdb, sdc: Herufi "sd" zilitokana na diski za SCSI, teknolojia ya zamani ya seva. Leo jina hilo linabeba diski za SATA pamoja na flashi na diski za nje za USB. Herufi ya mwisho ni zamu tu: a ni ya kwanza kuonekana, b ya pili. Zikifika sdz, inayofuata ni sdaa.

• nvme0n1: Hizi ni SSD za NVMe, zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao wa mashine. "nvme0" ni kidhibiti cha kwanza, maana hesabu inaanza na sifuri. "n1" ni eneo la kwanza la hifadhi ndani yake, na hapo hesabu inaanza na moja. Patisheni huongezwa kwa herufi p: nvme0n1p1, nvme0n1p2.

• mmcblk0: Ni hifadhi ya eMMC iliyogandishwa kwenye ubao wa laptop za bei nafuu, au kadi ya memori. Raspberry Pi inayowaka kwa kadi huonyesha jina hili. Patisheni zake ni mmcblk0p1, mmcblk0p2. Ukiona pia mmcblk0boot0 na mmcblk0boot1, ziache. Ni sehemu ndogo za eMMC yenyewe.

• vda: Hutokea ndani ya mashine pepe na kwenye seva nyingi za kukodi. Hiyo si diski ya kushika mkononi.

• sr0: Ni sehemu ya kuwekea CD au DVD.

• loop0, loop1: Hizi si diski. Ni faili ambazo mfumo umezifungua kana kwamba ni diski. Ubuntu huwa nazo nyingi, usiogope.

Simu yako nayo imo humu. Android inatumia kerneli ya Linux. Simu zenye hifadhi ya eMMC huitambua ndani kwa ndani kama mmcblk0, na zile zenye hifadhi ya UFS, ambayo ni ya kasi zaidi, huitambua kwa majina ya sda, sdb na kuendelea.

Kwa nini sda ya leo inaweza kuwa sdb kesho

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Diski za IDE, zile za waya mpana wa bapa, ziliitwa hda, hdb, hdc na hdd. Jina lilifuata mahali diski ilipochomekwa. Ya kwanza kwenye waya wa kwanza ilikuwa hda. Ya kwanza kwenye waya wa pili ilikuwa hdc, hata kama hdb haikuwepo. Usipohamisha waya, jina halihami.

Kisha SATA na USB zikaja, na kerneli ikapata njia mpya ya kuzishughulikia kama diski za SCSI. Fedora 7, iliyotoka mwaka 2007, ilihamisha hata diski za IDE kutoka hda kwenda sda. Njia ya zamani iliondolewa kabisa kwenye kerneli ya 5.14 mwaka 2021.

Faida ni kwamba diski za aina nyingi sasa zina mtindo mmoja wa majina. Hasara ni kwamba herufi haikuambii tena diski iko wapi. Inakuambia tu ilionekana ya ngapi. Ukichomeka flashi kabla ya kuwasha, ukiongeza diski, au diski moja ikichelewa kuitika, foleni inaweza kubadilika. Jina la sda ni kama namba ya foleni benki: leo umepewa 1, kesho 1 anapewa mwingine.

NVMe nazo ziko hivyohivyo. Kwenye mashine yenye SSD mbili za NVMe, nvme0n1 na nvme1n1 zinaweza kubadilishana majina baada ya kuwasha upya.

Mfano: kompyuta ya studio ya picha

Chukua kompyuta yenye SSD ya NVMe ya GB 256 iliyo na Windows, na diski ya kawaida ya TB 1 yenye picha za harusi za wateja. Fundi amechomeka flashi ya GB 16 yenye Ubuntu na anataka kuondoa Windows.

Akiangalia diski zilizopo anaweza kuona hivi:

sda – 931.5G
sdb – 14.9G
nvme0n1 – 238.5G

Sasa tuseme anafuata maelekezo ya zamani yanayosema "chagua /dev/sda, ndiyo diski kuu". Maelekezo hayo hayakuwa ya uongo yalipoandikwa, maana laptop za wakati huo zilikuwa na diski moja ya SATA, na kweli ilikuwa sda. Kwenye mashine hii, sda ni picha za harusi za watu.

Windows ingebaki salama kwenye nvme0n1, na kazi za wateja zingefutika. Fundi angegundua baada ya kuwasha mashine na kuona Windows bado ipo.

Kwenye laptop yenye NVMe peke yake, sda huwa ni ile flashi yenyewe. Hapo kosa lilelile lina nafuu: utaharibu flashi tu, utatengeneza nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata maelekezo mabovu mara tano bila balaa, la sita likamkuta.

Ukubwa nao unachanganya

Njia rahisi ya kutambua diski ni ukubwa wake. Lakini namba hazifanani kila mahali, na hapo watu huanza kujiuliza kama diski imepungua.

Watengenezaji huhesabu kwa elfu: GB 1 ni baiti 1,000,000,000. Programu nyingi za Linux huhesabu kwa 1,024, na kwa hesabu hiyo G moja ni baiti 1,073,741,824. Hivyo:

• Diski ya GB 256 huonekana kama 238.5G
• Diski ya GB 500 huonekana kama 465.8G
• Diski ya TB 1 huonekana kama 931.5G

Programu ya kusakinisha ya Debian inatumia hesabu ya elfu. Diski ileile inayosomeka 465.8G kwenye amri ya lsblk itaandikwa 500.1 GB kwenye ukurasa wa kugawa diski. Hakuna kilichopotea.

Tahadhari: ukubwa pekee hautoshi kama mashine ina diski mbili zinazolingana. Hapo unahitaji modeli na namba ya siriali, ile iliyochapwa kwenye stika ya diski.

Hatua za kuhakiki kabla ya kufuta chochote

1. Chomoa usivyovihitaji. Diski ya nje, flashi nyingine, kadi ya memori, vyote toa. Kama ni kompyuta ya mezani na diski ya picha inachomoka, zima mashine, chomoa umeme, kisha toa waya wa diski hiyo. Diski isiyochomekwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na haihitaji kujua amri hata moja.

2. Andika diski zako ukiwa bado Windows. Fungua sehemu ya kusimamia diski. Utaona Disk 0, Disk 1 na patisheni za kila moja. Andika kwenye karatasi ukubwa, modeli na kilichomo. Namba hizo za Windows usizihamishie Linux: Disk 0 si lazima iwe sda.

3. Washa Linux kwa majaribio kwanza. Ubuntu na Linux Mint zinakuruhusu kuutumia mfumo kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tumia nafasi hiyo kuangalia.

4. Fungua terminali uandike amri hii:

lsblk -d -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,TRAN

Amri hii inasoma tu, haifuti kitu. Itakupa jina, ukubwa, modeli, namba ya siriali, na njia ambayo diski imeunganishwa: sata, nvme au usb. Ukiona usb, hiyo ni flashi au diski ya nje.

Ukitaka kuona na patisheni zake, andika lsblk peke yake. Kama hupendi terminali, Ubuntu ina programu inayoitwa Disks inayoonyesha mambo hayohayo kwa picha.

5. Angalia kilichomo. Fungua diski kwenye programu ya mafaili. Ukiona folda ya Windows, unajua ni ipi. Ukiona picha za harusi, unajua ni ipi ya kutoigusa.

6. Ukiwasha upya, hakiki upya. Majina uliyoyaandika jana ni ya jana. Soma tena modeli na ukubwa kwenye ukurasa wa kusakinisha wenyewe. Debian, kwa mfano, inaonyesha kila diski kwa mstari wenye jina, ukubwa na modeli kwa pamoja. Soma mstari mzima, usiishie kwenye sda.

Diski nzima au kipande?

Namba moja mwishoni mwa jina inabadilisha kila kitu. sdb ni diski nzima. sdb1 ni kipande cha kwanza cha diski hiyo.

Ukitaka kuandika faili la Linux kwenye flashi kwa amri ya dd, unalenga flashi nzima, mfano /dev/sdb, bila namba. Ukiliandika kwenye sdb1, kwa kawaida flashi haitawaka. Ukitaka kufomati kipande kimoja tu na kuacha vingine, hapo lazima namba iwepo.

Kwa NVMe macho yanadanganyika kirahisi zaidi. nvme0n1 inaishia na namba, lakini ni diski nzima. Kipande kinaanza kuonekana ikiwepo p: nvme0n1p1.

Kuhusu dd: haiulizi "una uhakika?", haionyeshi onyo, haina kurudi nyuma. Ukibonyeza Enter inaanza kuandika. Mafundi wengine huitania kwamba ni mharibu diski. Kama huna ulazima, tumia programu yenye dirisha kama balenaEtcher, ambayo kwa kawaida huficha diski za mfumo zisichaguliwe kwa makosa.

Jambo jingine la namba: ukiona sda1, sda2 halafu sda5, hakuna patisheni iliyopotea. Mpangilio wa zamani wa MBR unaruhusu patisheni kuu nne tu. Nyingine hukaa ndani ya patisheni moja iliyopanuliwa, na hesabu yake inaanza na 5. Mpangilio mpya wa GPT hauna kizuizi hicho. Kwa kawaida una nafasi ya patisheni 128.

Jina lisilobadilika: UUID

Kama sda haiaminiki, mfumo wenyewe unajuaje diski yake kila asubuhi?

Jibu ni UUID, kitambulisho kirefu kinachoandikwa ndani ya patisheni siku inapofomatiwa. Kina herufi na namba 32 zilizotenganishwa kwa vistari vinne. Kama sda ni namba ya foleni, UUID ni namba ya NIDA: popote utakapohamia unabaki nayo. Flashi zenye mfumo wa FAT huwa na kifupi cha herufi na namba nane tu.

Ubuntu, Debian na Fedora zinapojisakinisha, huandika UUID kwenye faili la /etc/fstab. Faili hilo ndilo linaloorodhesha patisheni za kufungua mashine inapowaka. Kwa hiyo hata sda ikigeuka sdb, mfumo unaijua patisheni yake.

Tatizo huja mtu anapoongeza diski mwenyewe na kuandika kwenye fstab /dev/sdb1. Siku moja anachomeka diski nyingine, majina yanahama, mashine inakaa inasubiri kama sekunde 90, kisha inaangukia kwenye skrini nyeusi ya dharura. Dawa ni kutumia UUID. Ili kuijua, andika:

lsblk -f

Kwa diski ambayo si lazima iwepo muda wote, ongeza neno nofail kwenye mstari wake. Mashine itawaka hata kama diski hiyo haipo.

Kuna mahali UUID nayo inakwama. Ukinakili diski nzima kwenda nyingine kwa dd, nakala inabeba UUID zilezile. Ukiziwasha zote mbili pamoja, mfumo unaweza kufungua isiyo yake. Baada ya kunakili, chomoa moja kwanza.

Na kama unataka jina la diski nzima lisilohama, liko kwenye folda ya /dev/disk/by-id. Humo kila diski imeandikwa kwa modeli na namba yake ya siriali. Ni majina marefu, lakini huwezi kuyachanganya.

GRUB na mifumo mingine huria

Programu inayowasha Linux kwenye mashine nyingi ni GRUB, nayo ina hesabu yake. Inaandika hd0,gpt2: diski ya kwanza, patisheni ya pili. Diski zinahesabiwa kuanzia 0 na patisheni kuanzia 1. Mpangilio wake unafuata orodha ya mashine yenyewe, si ya kerneli, hivyo hd0 si lazima iwe sda.

Mashine ikiwa na diski mbili, angalia pia programu ya kusakinisha inataka kuiweka GRUB kwenye diski gani. Ikiwekwa kwenye diski nyingine, siku utakapoitoa, Linux haitawaka ingawa mafaili yake yote yapo.

Ukitoka nje ya Linux, majina yanabadilika tena. FreeBSD inaita diski ya SATA ada0, ya USB da0, na ya NVMe nda0 au nvd0. OpenBSD inatumia wd0 na sd0, kisha patisheni zinapewa herufi, na herufi c daima ni diski nzima. Maelekezo ya Linux usiyatumie kwenye mifumo hiyo, na ya huko usiyalete Linux.

Diski haionekani kabisa

Wakati mwingine unafika ukurasa wa kuchagua diski na flashi yako tu ndiyo ipo. Kabla ya kusema SSD imekufa, ingia BIOS. Baadhi ya laptop za Intel huja zikiwa zimewekwa hali ya RAID, RST au VMD, na programu ya kusakinisha inaweza isiione SSD. Kubadilisha kwenda AHCI au kuzima VMD mara nyingi huifanya ionekane.

Lakini kama unataka Windows ibaki, usibadilishe kwa pupa, kwani inaweza kugoma kuwaka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kugusa chochote BIOS.

Umekosea tayari? Acha kuandika

Kama umegundua umechagua diski isiyo sahihi, zima mashine hapohapo. Kila dakika inayoendelea kufanya kazi inaweza kufunika data ya zamani kwa mpya.

Toa diski hiyo, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, na usihifadhi kitu juu yake. Programu huria ya TestDisk inaweza kurudisha orodha ya patisheni iliyofutwa. Mwenzake PhotoRec hutafuta picha na nyaraka moja baada ya nyingine, ingawa mara nyingi majina ya mafaili hayarudi.

Kwenye diski za kuzunguka, nafasi ya kupata kitu ipo. Kwenye SSD ni ndogo zaidi, kwa sababu wakati wa kufomati mfumo mara nyingi huiambia SSD kwamba nafasi yote iko wazi, nayo ikaisafisha yenyewe.

Kwa kifupi

• C: na D: zinaweza kuwa diski moja. Kufuta diski yote kunaondoa zote mbili.
• sda ni zamu, si utambulisho. Inaweza kubadilika ukiwasha upya.
• Kwenye mashine yenye NVMe, sda inaweza kuwa flashi au diski yako ya data.
• Tambua diski kwa ukubwa, modeli na namba ya siriali kwa pamoja.
• Kwenye fstab tumia UUID.
• Nakala ya data iwe kwenye diski iliyochomolewa, siyo iliyochomekwa pembeni.

Ukifika kwenye ule ukurasa wa kuchagua diski na huna uhakika ipi ni ipi, rudi nyuma au zima mashine. Mpaka hapo hakuna kilichofutwa, na flashi yako itawaka tena kesho.